Jicho la Saa Moja u Nusu: Mtazamaji wa Tamthilia na Elimu ya Ghaibu

Swali ambalo wanafalsafa wamelizoea zaidi kuhusu michezo ya kuigiza ni kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake timamu, hudondokwa na machozi kwa ajili ya mtu ambaye anajua fika kwamba hakuwahi kuzaliwa. Aristotle aliligusa alipoeleza, katika kitabu chake kuhusu sanaa ya ushairi, namna tanzia inavyoamsha huruma na hofu na kuzitakasa. Na mwaka 1975 mwanafalsafa Colin Radford alilifufua kwa mfano wa Anna Karenina, mhusika wa riwaya ya Tolstoy, akahitimisha kwamba machozi ya aina hiyo ni ya kawaida kwa binadamu lakini hayana mantiki. Makala haya hayalipuuzi swali hilo. Yanashikilia tu kwamba, kwa mtazamaji wa tamthilia za Kiswahili zinazoonyeshwa katika televisheni za Kenya leo, machozi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni ujuzi, yaani kule kupewa kwake siri ambazo hakuna binadamu anayezijua kuhusu jirani yake, na athari ya ujuzi huo katika namna anavyohukumu baada ya televisheni kuzimwa.

Mahali pa kulitazamia suala hili panaweza kuwa popote, lakini Ndithini panafaa kuliko pengi. Ndithini ni wadi katika eneo bunge la Masinga, kaunti ya Machakos, sehemu ya Ukambani iliyo kavu, ambako mkulima wa pojo, kunde na mbaazi hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba na huishi akitazama mawingu. Eneo bunge hilo lina jina moja na bwawa la Masinga, lililokamilika kwenye mto Tana mwaka 1981 likiwa na mitambo ya kuzalisha megawati 40 za umeme. Na kwa miaka mingi umeme huo ulipita juu ya vichwa vya watu kwenda mijini, huku nyumba nyingi za pembeni zikiendelea na koroboi. Televisheni ilipofika vijijini kwa wingi, ilifika kwa mabamba ya sola yanayolipiwa kidogo kidogo kwa simu na, baada ya Kenya kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, kwa king'amuzi. Jina hilo la kifaa lina maana kubwa kuliko waliolibuni walivyodhamiria, kwa sababu kung'amua ni kutambua lililofichika, na hicho ndicho hasa ambacho tamthilia humwahidi mtazamaji wake.

Neno "tamthilia" hapa lina maana ya mchezo wa televisheni unaoendelea kwa vipindi vingi vinavyofuatana, hadithi ya leo ikishikwa na ya kesho, tofauti na vichekesho vya zamani kama Vitimbi, ambapo kila kipindi kilianza na kumaliza kisa chake. Katika miaka ya karibuni tamthilia zilizotia fora zaidi ni zile za kampuni ya Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan zilizoonyeshwa na Citizen TV saa moja u nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa: Maria, iliyoanza mwaka 2019, ikafuatwa na Zora mwaka 2021, kisha Sultana mwaka 2022. Visa vyake vinatofautiana, lakini mhimili wake ni mmoja, nao ni kile ambacho wahakiki wa fasihi hukiita kinaya cha kitamthilia, yaani hali ambamo mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Kinaya hiki ndicho kinachozaa taharuki, ile hamu yenye wasiwasi ya kutaka kuona kitakachotokea: mtazamaji ameshamwona mbaya akipanga, amesikia mnong'ono wake katika simu, ameiona bahasha ikifichwa, na sasa analazimika kumtazama mwema akitabasamu na kumkaribisha mbaya huyo mezani. Katika Sultana kinaya hicho kimeongezwa makali kwa namna ambayo inastahili sifa, kwa kuwa mhusika mkuu ni binti asiyeona. Kila mtazamaji anayaona kwa macho ya kichwa yale ambayo Sultana hayaoni, na juu ya hayo anayaona yale ambayo hata wenye macho waliomzunguka hawayaoni.

Ukiyachunguza mapokezi ya vipindi vya namna hii, utagundua kwamba jambo linalotokea mara nyingi zaidi sebuleni si kilio. Ni onyo. Mtazamaji humwonya mhusika kwa sauti asinywe, asitie sahihi, asimfungulie mlango. Humtukana mbaya kwa jina. Humkasirikia mwema kwa ujinga wake, akisahau kwamba ujinga huo si ujinga bali ni hali ya kawaida ya mwanadamu ambaye hana kamera katika chumba cha mwenzake. Hapa swali la Radford linapwaya. Yeye alijiuliza kuhusu huruma kwa asiyekuwapo, ilhali anayepiga kelele mbele ya Sultana haonyeshi huruma tu: anatumia mamlaka ya ajabu aliyopewa, mamlaka ya yule ajuaye.

Dini zinazofuatwa na wasemaji wengi wa Kiswahili zina jina la ujuzi wa aina hiyo na zina mwenyewe wa kuumiliki. Waislamu huuita elimu ya ghaibu, ghaibu ikiwa ni yale yaliyofichwa yasifikiwe na hisi za viumbe, nao husema kwamba elimu hiyo ni ya Mungu peke yake, ajuaye yaliyomo vifuani. Wakristo husoma katika kitabu cha kwanza cha Samweli kwamba binadamu huangalia sura ya nje, Bwana huangalia moyo. Wakamba wa kale waliokuwa wakimtaja Mulungu, au Mumbi, yaani Muumbaji, nao hawakudai kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia katika moyo wa mwingine. Boethius, aliyeandika akiwa kifungoni karibu na mwaka 524 akingojea kuuawa, aliongeza kwamba Mungu huyaona mambo yote kwa wakati mmoja, yaliyopita na yajayo, kama mtu aliye juu ya kilima anavyoviona vyote vilivyo chini yake. Mtazamaji wa saa moja u nusu hukaa kilimani hapo kwa nusu saa, lakini hukaa bila sifa nyingine za mwenye kilima: hana uwezo wa kuokoa, wala hakuwaumba anaowatazama. Amepewa jicho, akanyimwa mkono.

Jambo hili la mkono ndilo lililomkera Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo sasa ni Algeria, na alipokuwa kijana mwanafunzi mjini Karthago alikuwa mpenzi mkubwa wa maigizo. Alipokwisha kuwa askofu alijilaumu, katika Maungamo, kwa kuwa mbele ya jukwaa alialikwa ahuzunike na si asaidie, na akaona kwamba huruma isiyoweza kumfikia anayehurumiwa ni huruma iliyooza. Lawama hiyo ingeeleweka haraka Ukambani, ambako mwethya, yaani kundi la majirani wanaokusanyika kulima shamba la mmoja wao, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko au kujenga nyumba, ulikuwa na bado ni kipimo cha utu, na ambako anayesikitika bila kuja na jembe hahesabiwi kuwa amesikitika. Hata hivyo Augustino alikosea pahali pamoja. Aliandika kana kwamba huruma ni maji ya mtungi, kwamba yakimwagwa kwa mhusika wa kubuni hayatabaki ya kumpa jirani. Huruma haielekei kupungua kwa namna hiyo, na mama aliyemlilia Sultana jioni hashindwi kesho yake kumbebea jirani mgonjwa ndoo ya maji. Tatizo, kama lipo, haliko katika machozi yake.

Pengine itasemwa kwamba kinaya si kitu kigeni Ndithini, kwa kuwa kilikuwamo tangu zamani katika mbano, ngano za Wakamba zinazosimuliwa usiku, ambazo John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Ukambani mwaka 1931, alizikusanya na kuchapisha baadhi yake mwaka 1966. Ni kweli. Katika ngano za namna hiyo eimu, zimwi mla watu, huweza kujigeuza kijana mtanashati akaja kuposa, na watoto waliozunguka moto hujua yeye ni nani kabla ya msichana kujua. Lakini kuna tofauti mbili ambazo hazifai kupitwa haraka. Ya kwanza ni kwamba ngano huisha usiku uleule: msimulizi huifunga, eimu hufa au hukimbia, na watoto hulala ulimwengu ukiwa umerudi mahali pake, ilhali tamthilia hukatwa pale panapouma zaidi, kisha mtazamaji huenda nayo kisimani, sokoni, katika matatu na katika kikao cha chama, akiendelea kuishi ndani yake kwa miezi na hata miaka. Ya pili, na ndiyo nzito, ni kwamba eimu ana tabia na njaa isiyo ya kibinadamu. Mbaya wa tamthilia hana. Ni mama mkwe, ni dada wa kambo, ni rafiki wa tangu shuleni, ni katibu wa ofisi anayeleta chai. Ngano humfundisha mtoto kwamba kuna mazimwi. Tamthilia humfundisha mtu mzima kwamba zimwi lina sura ya anayeketi naye benchi moja kanisani.

Kuna fundisho jingine linalopenya kimyakimya zaidi. Katika tamthilia za mkondo huu ajali ni chache mno. Gari likipata hitilafu, kuna aliyekata breki. Mimba ikitoka, kuna aliyetia kitu katika uji. Mtu akifukuzwa kazini, kuna aliyepeleka fitina. Waandishi hawana budi kufanya hivyo, kwa kuwa msiba usio na mwenyewe hauzai kipindi cha kesho. Lakini mtazamaji anayelishwa visa mia mbili vya namna hiyo huzoeshwa kuuona ulimwengu kama mahali ambapo kila baya lina mkono uliolitenda na mkono huo unaweza kuonekana, na huo ni mtazamo ambao wanaanthropolojia wanaufahamu kwa jina jingine. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu waliopumzika kivulini mwake, Wazande wanajua vizuri kuwa mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lilianguka saa ileile na juu ya watu walewale, na jibu lao ni uchawi. Wakamba huuita uchawi huo uoi, na haukuwa jambo la mazungumzo tu. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni nchini Kenya iliwahukumu kifo Wakamba wanaume 60 kwa kumuua mwanamke waliyeamini kwamba alimroga mke wa mwenzao. Hukumu hiyo baadaye ilibadilishwa wasinyongwe. Kesi hiyo imezungumziwa sana kama mgongano wa sheria ya Waingereza na imani ya wenyeji. Inaweza pia kusomwa kama kisa cha watu 60 waliokuwa na hakika kuhusu tendo la siri lisiloonekana kwa macho.

Haisemwi hapa kwamba tamthilia huzaa mauaji. Kusema hivyo kungekuwa kuwafanyia watayarishaji wake hilohilo ambalo makala haya yanalilaumu. Kinachosemwa ni kwamba tamthilia huishibisha hamu ya zamani ya kuuona mkono ulio nyuma ya kila baya, hamu ambayo dini zilijitahidi kuilisha kwa kiasi.

Hakuna andiko linaloonyesha jitihada hiyo kwa ufundi mkubwa kama Kitabu cha Ayubu, nacho, kikisomwa kwa jicho la mtazamaji, ni tamthilia iliyojengwa juu ya kinaya kikali kuliko vyote. Katika sura mbili za mwanzo msomaji anapelekwa mbinguni na kusikia mazungumzo ambayo Ayubu hayajui na hatayajua kamwe: anajua kwa nini ng'ombe walitekwa, kwa nini upepo uliiangusha nyumba juu ya watoto, kwa nini mwili wa mtu mwadilifu umejaa majipu. Kisha analetwa duniani na kuwekwa kando ya Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki ambao mwanzoni walifanya vema kuliko wengi, kwa kuwa walikaa chini na mgonjwa siku saba wakiwa kimya. Walikosea walipofungua vinywa. Wakiwa hawana kipande cha mbinguni, walikitunga: mateso haya lazima yawe na sababu, sababu lazima iwe dhambi, na kwa kuwa dhambi haikuonekana, basi ilifichwa. Katika sura ya 22 Elifazi anafika hadi kuzitaja dhambi zenyewe kana kwamba alikuwapo, miongoni mwazo kumnyima maji aliyechoka, tuhuma ambayo katika nchi kavu kama Masinga msomaji anaipima uzito wake bila kuelezwa. Mungu anapozungumza mwishoni, hasira yake inawaka juu ya marafiki hao waliomtetea, si juu ya Ayubu aliyemlalamikia. Na Ayubu mwenyewe anarudishiwa mali na heshima, lakini haelezwi lile ambalo msomaji alielezwa katika ukurasa wa kwanza.

Mwandishi wa kitabu hicho alifanya jambo ambalo tamthilia nyingi haziwezi kulifanya. Alimpa msomaji jicho la juu ili ajue jinsi ilivyo hatari kwa asiye nalo kujifanya analo. Injili ya Yohana, sura ya 9, inarudia somo hilo kwa ufupi kupitia kwa mtu aliyezaliwa asiyeona: wanafunzi wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na wanajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Nayo Sura ya Hujurat katika Qur'ani inawakataza waumini dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana kwa pamoja, kana kwamba mambo hayo matatu ni ngazi moja: mtu hudhani, kisha huchungulia ili apate ithibati ya dhana yake, kisha husema.

Mila ya Wakamba ilikuwa na njia yake ya kukiri kutojua, na inafaa ielezwe kwa kuwa mara nyingi hutajwa kama ushirikina mtupu. Kesi ilipokosa shahidi, iwe ya deni, ya wizi au ya damu, wazee wangeweza kuwaapisha wadai kwa kithitu, kitu kilichohifadhiwa mbali na makao ya watu na kuaminiwa kuwa na nguvu ya kumuua anayeapa uongo, au kuwaua jamaa zake. Makanisa, wakiwamo wamishonari wa Africa Inland Mission waliofika Nzaui mwaka 1895, yalikipinga kiapo hicho, na sababu zao zinajulikana. Lakini chini ya kitisho chake kulikuwa na adabu fulani ya akili: wazee hawakusema wameona wasichokiona. Walisema hawajui, wakaliweka neno mikononi mwa nguvu iliyo nje yao, na kijiji kikasubiri muda upite, mshtaki na mshtakiwa wakiishi katika kijiji kilekile bila mmoja wao kuitwa mwongo.

Inabidi kukiri kwamba kuna siri ambazo ni haki kuzishuku. Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyotolewa na Netflix mwezi wa Julai 2022, inamrudisha Akisa Musyoka kutoka Nairobi hadi kijiji chao cha kubuni cha Tsilanga, kinachonyemelewa na kampuni ya madini. Na mtu wa Ukambani anayejua habari za ardhi na hatimiliki hatamlaumu mwanakijiji anayeamini kwamba mkataba ulitiwa sahihi mahali ambapo yeye hakuitwa. Aliyeupanga mkataba wa namna hiyo yupo kweli, ana ofisi na ana mawakili. Kumshuku mwenye nguvu juu ya karatasi zinazoweza kudaiwa na kusomwa mbele ya umma si sawa na kumshuku mjane wa jirani juu ya nia iliyo moyoni mwake. Huenda kosa kubwa la tamthilia za kila jioni ni kwamba huzitumia siri za aina ya kwanza kidogo mno, na za aina ya pili kupita kiasi.

Tena watazamaji si wajinga. Mabishano yanayofuata kipindi, katika ukumbi wa nyumba au mahali pa kuchajia simu, huwa makali kuliko kipindi chenyewe: mmoja atasema mama mkwe ana haki ya kumtetea mwanawe, mwingine atauliza kama uongo wa kumnusuru mtu ni dhambi, wa tatu atasema binti angeweza kuuliza badala ya kulia. Wanateolojia wa maadili wangetamani darasa lenye wanafunzi wa bidii hiyo. Na mara kwa mara tamthilia yenyewe huwaadhibu. Aliyezikwa hurudi akiwa mzima, au yule waliyemlaani kwa vipindi arubaini hufichuliwa kuwa ndiye aliyekuwa akimlinda msichana muda wote. Hapo watazamaji hukasirika, wakisema wametapeliwa, na hasira hiyo inafundisha kuliko machozi, kwa sababu ndani yake kuna ugunduzi kwamba jicho la juu lilikuwa la kukodishwa. Kamera iliwaonyesha ilichotaka waone. Hata walipodhani wanaujua moyo wa mbaya, walikuwa wameona tu uso wake, wakati fulani, kutoka upande mmoja, na muziki ukiwaambia la kufikiri.

Kuna pia Ijumaa. Kipindi cha Ijumaa hukatwa kwa ukatili kuliko vingine, mlango ukiwa nusu wazi, na hadi Jumatatu jioni hakuna anayeonyeshwa kitu. Katika siku hizo mbili kuna soko, kuna ibada ya Jumapili, kuna maziko ya mtu fulani ambaye watu wana maswali juu ya kifo chake, na kuna jirani aliyepita asubuhi bila kusalimia, labda kwa kuwa ana neno moyoni, labda kwa kuwa alikuwa akiwaza ada ya shule. Sultana naye, huko alikoachwa, hajui aliye nyuma ya mlango. Mtazamaji wake hajui pia.